Kipande chenye Ndimi Mbili

Paukwa! Nawasikia mmejibu: Pakawa! Basi sogeeni mezani, ila msiitikise meza, maana juu yake pana vipande hamsini vya mbao, na kila kimoja kimebeba kisehemu cha hadithi ya leo.

Hili ni fumbo la picha. Picha nimeichora mwenyewe kwa rangi za maji, nikaibandika juu ya ubao mwembamba, nikampelekea fundi seremala wa mtaani kwetu, naye akaikata kwa msumeno mdogo wenye upamba mwembamba kama uzi. Chukueni kipande kimoja mkitazame vizuri. Upande huu kimetokeza nje, kama mtoto anayemtolea mwenzake ulimi. Upande ule kimebonyea ndani. Fundi wangu husema sehemu iliyotokeza ni ulimi, na iliyobonyea ni tundu. Ulimi wa kipande hiki ukiingia kwenye tundu la kile, vimeshikana. Hata ukiinua pembe moja, jirani yake anafuata. Lishikeni neno hilo, ulimi. Tutakwenda nalo mpaka mwisho wa hadithi.

Mchezo huu ulianzia kwenye somo la jiografia. Katika miaka ya 1760, mjini London, mchonga ramani mmoja aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao, kisha akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi. Mtoto alipewa Ufaransa au Hispania mkononi akaambiwa airudishe mahali pake. Hata watoto wa Mfalme George wa Tatu walifundishwa kwa ramani za namna hiyo. Vipande vingi vya wakati ule havikuwa na ndimi wala matundu. Vililala tu ubavu kwa ubavu, na mtu akipiga chafya, dunia nzima imevurugika.

Picha yetu si ramani, ingawa ramani itakuja humo ndani. Ni picha ya ukumbi katika ngome ya Sunpu, mji wa Japani ambao leo unaitwa Shizuoka. Siku ni tarehe 8 Septemba 1613, kwa kalenda waliyoitumia Waingereza wakati huo. Ndiyo siku ambayo mjumbe mwenye barua ya Mfalme wa Uingereza alifika kwa mara ya kwanza mbele ya mtawala wa Japani. Anayeujua mchezo huu huanza na pembe nne, akaacha katikati iwe ya mwisho. Nasi tufanye hivyo.

Pembe ya kwanza: merikebu iliyoitwa Upendo

Mwezi Juni 1598 merikebu tano ziling'oa nanga Rotterdam, Uholanzi. Wenyewe walizipa majina mazuri: Tumaini, Imani, Upendo, Uaminifu na Habari Njema. Nia yao ilikuwa kufika Mashariki kwa kupitia magharibi, wapenye Mlango wa Magellan huko kusini kabisa mwa Amerika, kisha wavuke Bahari ya Pasifiki. Kati ya marubani wao alikuwamo Mwingereza, William Adams, mzaliwa wa Gillingham katika jimbo la Kent. Nikisema rubani, msitazame juu kutafuta ndege. Kwa mabaharia wa mwambao wetu, rubani ni yule anayeijua njia ya maji: mwamba umejificha wapi, mkondo unavuta upande gani, nyota ipi ifuatwe usiku.

Njaa, baridi, maradhi, mapigano na dhoruba viliwapukutisha njiani. Kati ya merikebu zile tano ni moja tu iliyofika Japani, nayo ni Upendo, kwa Kiholanzi Liefde. Ilitia nanga karibu na Usuki, katika kisiwa cha Kyushu, mwezi Aprili 1600. Ilikuwa imeondoka na watu wapatao mia. Waliofika hai hawakuzidi ishirini na kitu. Adams aliandika baadaye kwamba, ukimwacha yeye, ni watu sita tu walioweza kusimama kwa miguu yao wenyewe.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii wageni ndio waliohitaji kuponywa.

Pembe ya pili: mzee na ramani

Wageni hawa hawakuwa Wazungu wa kwanza kufika Japani. Wareno walikuwa wametangulia tangu mwaka 1543, wakiwa na biashara yao na mapadri wao, na hawakufurahi hata kidogo kuona watu wa Uholanzi na Uingereza, mahasimu wao, wakitia nanga. Wakawaambia wakubwa wa nchi kwamba hawa ni maharamia, wauawe.

Habari zikamfikia Tokugawa Ieyasu, mmoja wa mabwana wenye nguvu kuliko wote nchini. Miaka mitatu baadaye angekuwa shoguni, yaani mkuu wa majeshi na mtawala wa Japani nzima. Akaagiza yule rubani aletwe kwake Osaka. Hebu fikirini: Adams hajui neno la Kijapani, Ieyasu hajui neno la Kiingereza. Watazungumzaje? Akaletwa mtu aliyejua Kireno. Lugha ya mahasimu wake ndiyo iliyomwokoa Adams siku ile.

Hapa tupumzike kidogo, kwa sababu Wareno hao hao walipita kwetu pia. Tangu Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, Kiswahili kilichuma kwao maneno kadhaa, likiwemo neno meza, hii hii mnayoiegemea, na neno bendera. Japani nako walichuma yao: mkate wanauita pan, kifungo cha nguo wanakiita botan. Na lipo neno moja lililofika kote kuwili. Kireno husema carta. Kwetu limekuwa karata. Kule Japani limekuwa karuta, na maana ni ile ile, karata za kuchezea. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Nagasaki wanachanga karata kwa neno moja, na hawajawahi kuonana.

Turudi Osaka. Ieyasu alimuuliza mgeni wake ametoka nchi gani, wanapigana na nani, wanaabudu nini, na hapa amefikaje. Adams alikuwa na ramani ya dunia. Akaikunjua, akamwonyesha kwa kidole njia waliyopita, mpaka kwenye Mlango wa Magellan. Mzee akashangaa, akadhani anadanganywa. Ni nani angeamini kwamba merikebu imezunguka ncha ya dunia na watu wakabaki hai? Hata hivyo hakumfukuza. Waliendelea kuulizana na kujibizana mpaka usiku wa manane.

Baada ya hapo Adams alitiwa kizuizini wiki kadhaa, kila asubuhi akitazamia kuuawa. Lakini Ieyasu aliamua vingine. Watu hawa, alisema, hawajanidhuru mimi wala nchi yangu. Kuwaua si haki.

Rubani akawa mwalimu. Alimfundisha Ieyasu hesabu na jiometria, akasimamia kuundwa kwa merikebu mbili za mtindo wa Kizungu, akajifunza Kijapani mpaka kikamkaa mdomoni. Akapewa shamba huko Hemi, katika rasi ya Miura, pamoja na wakulima kati ya 80 na 90 wa kumtumikia, na heshima ya samurai. Jina lake likawa Miura Anjin, maana yake rubani wa Miura. Kitu kimoja tu alinyimwa: ruhusa ya kurudi kwao, ambako alikuwa ameacha mke na watoto. Tazameni kipande hiki chenye mtu aliyepiga magoti pembeni. Kimekatwa kutoka picha moja, kikatiwa katika picha nyingine.

Pembe ya tatu: merikebu iliyoitwa Karafuu

Mwaka 1611 Adams alisikia kwamba Waingereza wenzake wamefungua ghala la biashara huko Bantam, kisiwa cha Java. Akaandika barua ndefu, akawaelekezea watu asiowajua, mradi tu wawe wa nchi yake, akiwaomba wafikishe habari zake nyumbani. Mwaka huo huo, bila yeye kujua, Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilimtuma Kapteni John Saris baharini. Merikebu yake iliitwa Clove, yaani Karafuu. Najua watoto wa Pemba mmetabasamu! Lakini wakati ule mkarafuu ulikuwa haujapandwa Pemba wala Unguja. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, na bei yake ilikuwa ya kuvukia bahari.

Clove ilizunguka kusini mwa Afrika, ikapanda katika Bahari ya Hindi hii yetu, ikafika kisiwa cha Sokotra na bandari ya Mokha huko Yemen, kisha ikaelekea Bantam. Huko Saris aliikuta barua ya Adams imekwisha kumtangulia. Mwezi Juni 1613 akatia nanga Hirado, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Japani. Bwana wa Hirado alimpokea kwa ukarimu, nao wakatuma mjumbe kumwita Adams. Saris akakaa kumngoja.

Adams akaja mwishoni mwa Julai. Mngetarajia Waingereza wawili waliokutana mbali hivyo na kwao wakumbatiane na kulia. Haikuwa hivyo. Saris alitazamia kumwona baharia aliyepotea anayeililia Uingereza. Aliyemwona ni mtu aliyeishi Japani miaka 13, anayeisifu nchi ile kwa mapenzi makubwa, mwenye rafiki Wajapani, Waholanzi na hata Wareno. Saris akaandika kwamba bwana huyu amegeuka kuwa Mjapani.

Kwetu, tukisema fulani ana ndimi mbili, tunamtukana. Maana yake ni mnafiki: huku anasema hili, kule anasema lile. Ndivyo Saris alivyomwona Adams. Lakini hakuwa na jinsi. Bila huyo mwenye ndimi mbili, barua ya mfalme ingebaki sandukuni.

Pembe ya nne: njia ya Sunpu

Mwezi Agosti wakaondoka Hirado kwa chombo cha makasia 25 kila upande, kilichotolewa na bwana wa Hirado. Wakapita bahari ya ndani mpaka Osaka, kisha wakashika barabara kuu. Saris aliipenda barabara ile. Anasema ilikuwa tambarare ajabu, na pale ilipokutana na mlima, mlima ulikatwa ipite. Na kila baada ya mwendo fulani palikuwa na vilima viwili vidogo vya udongo, kimoja kila upande wa njia, na juu ya kila kilima msonobari mmoja uliopunguzwa matawi vizuri. Vilima hivyo vilikuwa vya kupimia umbali, ili wanaokodisha farasi wasimtoze msafiri zaidi ya mwendo aliokwenda. Nimevichora hapa kwenye ukingo wa picha. Vihesabuni: viko vinne.

Sasa pembe zote zimekaa, na kingo zimefungana. Limebaki shimo katikati.

Katikati: mkono uliopokea barua

Wakati huo Ieyasu alikuwa ameshampa mwanawe Hidetada cheo cha shoguni, naye akahamia Sunpu. Lakini kila mtu alijua neno la mwisho ni lake. Katibu wake, Honda Masazumi, aliwaeleza wageni desturi ya ukumbi: hakuna mgeni anayempa mtawala barua kwa mkono wake. Barua hupokewa na katibu, naye katibu humfikishia bwana wake. Adams akamweleza Saris hivyo hivyo. Saris akakataa. Barua ni ya Mfalme James, yeye ndiye aliyetumwa, ataitoa kwa mkono wake mwenyewe. La sivyo, afadhali arudi alikofikia.

Watoto, msidharau ugomvi huo. Kati ya mataifa mawili yasiyojuana, mkono ni neno. Saris aliona kwamba akimpa katibu, mfalme wake ameshushwa. Watu wa Sunpu waliona kwamba akimpa Ieyasu moja kwa moja, bwana wao ameshushwa. Kila upande ulikuwa na heshima yake, na heshima hizo hazikuwa na umbo moja.

Basi nini kilitokea ukumbini? Waliokuwamo ni wengi, na wawili kati yao wametuachia maelezo kwa maandishi. Saris anasema alimkaribia Ieyasu, akampa barua, naye Ieyasu akaipokea mkononi akaiinua kuelekea kipaji cha uso wake, ishara ya heshima. Adams anasema Honda Masazumi aliichukua barua mkononi mwa Saris, yeye ndiye aliyempa Ieyasu, na Ieyasu akamkaribisha mgeni na kumpa pole ya safari ndefu.

Wote wawili walikuwa pale pale. Wote wawili walikuwa na macho.

Nilipofika hapa katika kuchora, kalamu ilisimama. Nichore mkono wa nani? Nikachora mara mbili, kisha nikamwomba fundi akate vipande viwili vya umbo moja. Ndivyo hivi viwili, nimeviweka kando. Kimoja kina mikono miwili: wa Saris na wa Ieyasu. Kingine kina mitatu, wa Honda ukiwa katikati. Tutavirudia.

Kulikuwa pia na zawadi: nguo nyekundu ya sufu, bunduki zilizotiwa nakshi, na hii hapa, kitu kirefu kinachong'aa. Ni darubini yenye mapambo ya fedha iliyopakwa dhahabu. Habari za darubini zilianza kusikika Uholanzi mwaka 1608, kwa hiyo siku ile chombo hicho kilikuwa na umri wa mtoto wa miaka mitano. Kumbukumbu za Kijapani za Sunpu zimeitaja darubini hiyo: urefu wake karibu ken moja, yaani kama mita 1.8, na uwezo wake ni kuona umbali wa ri sita, kama kilomita 24. Fikirini mzee wa miaka 70 aliyewahi kushangaa mbele ya ramani, akidhani anadanganywa, sasa amepewa kitu cha kumwonyesha mbali kuliko macho yake.

Muhuri mwekundu

Kutoka Sunpu wakaenda Edo, ambao leo ni Tokyo, kumwona Hidetada. Njiani walipita Kamakura, penye sanamu kubwa mno ya Buddha, ya shaba, iliyo wazi ndani. Baadhi ya Waingereza wakaingia ndani ya sanamu ile wakapiga kelele, ili wasikie sauti zao zikivuma. Watu wazima hao, wajumbe wa mfalme! Sanamu ile ipo hadi leo.

Hidetada akatoa zawadi ya deraya mbili za Kijapani zimfikie Mfalme James. Zilivuka bahari zote zile na zimesalimika: moja ukienda Mnara wa London unaweza kusimama mbele yake. Na Ieyasu akatoa kitu chepesi kuliko deraya lakini chenye uzito kuliko zawadi zote: karatasi yenye muhuri mwekundu. Iliwaruhusu Waingereza kuja bandari yoyote ya Japani, kununua na kuuza, kujenga nyumba, na kusaidiwa merikebu yao ikipatwa na dhoruba. Karatasi hiyo imehifadhiwa mpaka leo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Ieyasu alimpa Adams ruhusa aliyoiomba miaka yote: sasa unaweza kwenda kwenu. Lakini Clove ilipoondoka Hirado mwezi Desemba 1613, Adams hakuwamo. Alikuwa ametendewa vibaya na Saris, aliandika, na hakutaka kusafiri naye. Zaidi ya hayo, Japani alikuwa na mke na watoto wawili, Joseph na Susanna. Akabaki, akaifanyia kazi ile kampuni kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka.

Biashara haikustawi. Waingereza walileta sufu nzito, Wajapani wakawatazama wakasema: mnatusifia kitambaa hiki, mbona wenyewe hamkivai? Na kweli, mabwana walivaa hariri. Faida nzuri niipendayo mimi ni ndogo, ya bustanini. Mwaka 1615 Adams alileta viazi vitamu kutoka visiwa vya Ryukyu, na Richard Cocks, mkuu wa ghala la Kiingereza, akavipanda Hirado.

Ieyasu alikufa mwaka 1616, na mwanawe akawabana wageni wabaki Hirado na Nagasaki tu. Adams akafa tarehe 16 Mei 1620. Katika wosia wake aligawa mali kati ya familia yake ya Uingereza na familia yake ya Japani. Hata kifo hakikumfanya achague picha moja. Mwaka 1623 Waingereza wakafunga ghala wakaondoka. Mwaka 1673 walirudi na merikebu moja kuomba biashara tena. Wakaulizwa: mfalme wenu ameoa nani? Mfalme Charles wa Pili alikuwa ameoa binti wa Ureno, na Wareno walikuwa wamekwisha kupigwa marufuku Japani. Wakarudishwa.

Kipande kilichoingizwa kwa nyundo

Miaka mingi ikapita. Kati ya Wazungu wote, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kukaa, tena katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Kwa hiyo mwezi Agosti 1858, Lord Elgin alipofika Edo kwa niaba ya Malkia Victoria kutafuta mkataba, ile lugha ya kati ilikuwa imebadilika. Haikuwa Kireno tena, ilikuwa Kiholanzi. Kiingereza kiligeuzwa Kiholanzi, Kiholanzi kikageuzwa Kijapani, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo, kwa midomo ya wakalimani kama Henry Heusken, Mholanzi aliyeazimwa kutoka kwa balozi wa Marekani, na Moriyama Einosuke, Mjapani wa Nagasaki.

Elgin naye alileta zawadi, jahazi la moshi liitwalo Emperor. Lakini msidanganyike na zawadi. Mwaka 1613 Ieyasu alitoa muhuri wake kwa hiari. Angeweza kukataa, na mgeni angerudi zake. Mwaka 1858 watawala wa Japani walijua yaliyoipata China kwa mizinga ya Waingereza, na walisaini wakijua. Mkataba uliwanyima hata haki ya kujipangia ushuru bandarini kwao. Ilichukua mpaka mwaka 1894 kupata mkataba mpya uliorekebisha baadhi ya mambo.

Mmewahi kumwona mtoto asiye na subira, kipande hakiingii, anakigonga kwa ngumi mpaka kikae? Kitakaa, ndiyo. Lakini ulimi umevunjika na tundu limepasuka, na kila atakayecheza baada yake ataona jeraha.

Vipande viwili, shimo moja

Sasa turudi kwenye shimo letu. Wewe uliyekaa karibu na dirisha, chukua kipande cha Saris ukijaribu. Kimeingia? Kimeingia barabara. Kitoe. Weka cha Adams. Nacho kimeingia, maana fundi alivikata kwa umbo moja. Kwa hiyo fumbo lenyewe halitatuambia ni mkono upi uliopokea barua. Tunachoweza kukisia ni kwamba kila mmoja alisimulia kwa faida aliyoitaka: Saris alitaka wakubwa wake London waone amemfikia mtawala mwenyewe; Adams alitaka ieleweke kwamba desturi ya Sunpu haikuvunjwa.

Lakini angalieni vizuri, kabla hamjavunja picha. Badilisheni vipande hivyo mara ngapi mtakavyo, kile kingine kilicho jirani yake hakibadiliki: mtu aliyepiga magoti pembeni, ameelekeza sikio upande mmoja na mdomo upande mwingine. Saris amemweka pale katika maelezo yake. Adams amejiweka pale. Wajumbe wanabishana juu ya mkono, hawabishani juu ya mkalimani. Kigeuzeni kipande chake mkipapase. Fundi hakujua hadithi hii, alifuata tu mstari wangu wa penseli, nami nilichora mstari huo kwa makusudi: kina ulimi mmoja upande wa Saris, na ulimi mwingine upande wa Ieyasu.

Jaribuni kukitoa. Polepole. Mmeona? Barua imebaki haijashikamana na mtu yeyote.

Haya, kirudisheni mahali pake, kisha vunjeni picha yote mwanze upya. Safari hii anzeni na kipande hicho.